Mstari Huu Umepimwa na Nani?

Kati ya Ifakara na Mlimba, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, upo mpaka usio na jiwe. Hauna kibao kando ya reli ya TAZARA, haugawi shamba la mtu, na abiria huuvuka akiwa amesinzia. Ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Mfumo wa UTM, ambao wapimaji wengi huutumia kuandika mahali kwa namba, umeigawa dunia katika kanda 60 zilizosimama wima, na hapo ndipo kanda ya 36 inapoishia na ya 37 inapoanza. Ifakara imo kanda ya 37, Mlimba imo ya 36. Mchoraji akizichukua namba za Mlimba na kuziingiza katika faili lililoandaliwa kwa ajili ya Ifakara, bila kuieleza kompyuta kwamba kanda imebadilika, kompyuta haitabisha. Itaichora Mlimba yote, stesheni na soko lake, katikati ya Bahari ya Hindi.

Kosa hilo halinitishi. Ni kubwa mno kuweza kujificha. Atakayeliona kwanza atacheka, kisha atalirekebisha kabla chai yake haijapoa. Linalonitisha ni ndugu yake mdogo. Ramani za zamani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Kifaa cha GPS mkononi mwa mpimaji wa leo, kisipoamriwa vinginevyo, hufuata msingi mwingine, WGS84. Sehemu ileile ya ardhi ikiandikwa kwa misingi hiyo miwili, namba zake hupishana kwa takriban mita 300. Ukizichanganya, hakuna kijiji kitakachotumbukia baharini. Kila kitu kitabaki bondeni, kimepangika vizuri, kinavutia macho. Lakini katika bonde la Kilombero mita 300 ni umbali kati ya kichuguu kikavu na kitanda cha mto.

Watu wanapolinganisha michoro ya ujenzi ya mkono na ya kompyuta, kwa kawaida huuliza ipi ina makosa machache. Nadhani swali hilo limepinda. La maana zaidi ni kuuliza kila aina hukosea vipi, na nani yupo pale la kuharibika linapoharibika. Karatasi hukosea kwa mkono: mstari umeteleza, namba imesomwa vibaya, karatasi mbili hazikubaliani. Kompyuta haitelezi. Yenyewe hukosea kwenye chimbuko, kisha hulirudia kosa hilo kwa uaminifu katika kila karatasi itakayoprintiwa, kiasi kwamba mkaguzi akilinganisha mchoro mmoja na mwingine ataona inakubaliana kabisa. Inakubaliana kwa sababu yote imezaliwa na kosa moja.

Kwenye urefu wa kwenda juu hatari ni kubwa zaidi. Setilaiti za GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na nchini Tanzania tofauti ya vimo hivyo viwili inazidi mita 10. Mlimani mtu anaweza kuishi na tofauti hiyo kwa muda. Kilombero ni tambarare ambayo maji yake hutanda kila masika, na mteremko wake ni mdogo hata mgeni hawezi kusema mto unaelekea wapi mpaka auone ukitembea. Mahali kama hapo nusu mita tu huamua kama sakafu ya zahanati itakuwa juu ya maji au chini yake.

Wala haya si matatizo ya nchi maskini. Mwaka 2003, pale Laufenburg, juu kidogo ya Basel kwenye Mto Rhine, Wajerumani na Waswisi walikuwa wakijenga daraja, kila upande ukianzia kwake. Ujerumani huhesabu usawa wa bahari kwa kufuata Bahari ya Kaskazini, Uswisi kwa kufuata Bahari ya Mediterania, na tofauti ni sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo mapema. Waliiingiza kwenye hesabu, ila waliiingiza kwa alama isiyo yake, ya kujumlisha ikawa ya kutoa, na pengo likawa sentimita 54. Walikuwa na kompyuta, walikuwa na fedha, walikuwa na elimu. Walichokosa ni mtu mmoja wa kuuliza, kabla ya zege kumwagwa: tunahesabu kutoka wapi, na tunakwenda upande gani?

Enzi ya karatasi ilikuwa na namna yake ya kuuliza swali hilo, japo si kwa kukusudia. Mchoraji aliinama juu ya karatasi ya kunakilia yenye kupenya mwanga, kalamu ya wino mkononi. Akikosea alichukua wembe, akakwangua wino taratibu, akasugua kwa ukucha ili karatasi isifyonze wino mpya, akachora tena. Palipokwanguliwa palibaki na kovu. Mkaguzi aliyeinua karatasi kwenye dirisha aliona pale ambapo fikra zilibadilika, na pale ambapo fikra zimebadilika ndipo pa kuuliza. Kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na visanduku vitatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Mara nyingi hawa walikuwa watu watatu kweli, kwa sababu kazi ilikwenda polepole, na mkono unaochora polepole huupa moyo nafasi ya kushuku.

Reli ya TAZARA ilipita bonde hili kwa michoro ya namna hiyo. Wapimaji wa Kichina waliingia mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya makubaliano ya Beijing ya kuijenga. Ujenzi ukaanza 1970, na kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa 1976. Kipande kigumu kuliko vyote huanzia papa hapa, reli inapoiacha Mlimba na kupanda kuelekea Makambako, kwenye mahandaki na madaraja yaliyobanana. Handaki halina njia ya kujaribia. Usipolichora sawasawa pande mbili za mlima hazitakutana. Zilikutana, kwa penseli, kwa majedwali ya hesabu na kwa watu waliokokotoa jambo moja mara mbili bila kuchunguliana.

Lakini tusiitukuze karatasi kupita kiasi. Bonde hilihili lina ushahidi wa kile ambacho ukaguzi wake haukuweza kukifikia. Reli ya zamani kutoka Kilosa ilifika Kidatu miaka ya 1960 ikiwa na upana wa milimita 1,000, sawa na Reli ya Kati yote. TAZARA ilipita hapohapo ikiwa na milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Kosa halikuwa ndani ya mchoro wa reli yoyote kati ya hizo mbili. Kila mmoja ulikuwa sahihi mbele ya bosi wake. Hata hivyo milimita 67 ni pana kuliko mlima kwa behewa: mzigo hauna budi kushushwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili. Uamuzi ulikuwa wa siasa na uchumi, si wa mchoraji. Ila ni funzo kwa anayedhani ubora ni kukagua karatasi moja moja. Hasara nyingi za ujenzi hazikai ndani ya mchoro, hukaa katikati ya mchoro na mchoro.

Hapo ndipo kompyuta inapostahili sifa, na nitaitoa bila kunung'unika. Zamani mchoro wa msanifu majengo, wa mhandisi wa nguzo na boriti, wa fundi umeme na wa mabomba ilikuwa karatasi nne za watu wanne, zikikutana kwa mara ya kwanza saiti, kwenye ukuta uliokwisha kujengwa. Leo zinaweza kulazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya modeli moja, na programu ikaonyesha bomba la maji taka linalotoboa boriti kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa. Mkadiriaji majenzi anayahesabu mawe, saruji na nondo kwa muda ambao zamani ungetosha kunoa penseli tu. Daraja likirefushwa, kila karatasi inayolihusu hujirekebisha. Atakayesema tuurudie wembe na wino hajawahi kubadilisha kimo cha sakafu katika michoro arobaini usiku wa kuamkia zabuni.

Shida ni kwamba kompyuta imeondoa kovu. Mstari uliopimwa kwa siku nzima chini ya jua, mstari ulionakiliwa kutoka picha ya setilaiti na mstari uliowekwa kwa kukisia ili mchoro usibaki na tundu, yote mitatu hutoka kwenye printa ikiwa na unene mmoja na weusi mmoja. Zamani mkono uliokuwa na wasiwasi ulijulikana. Sasa wasiwasi hupigwa pasi.

Chukua maji, maana Kilombero huwezi kuchora kitu bila kuchora maji. Daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero, lililozinduliwa Mei 2018 na kuwaondolea watu wa Ifakara, Ulanga na Malinyi adha ya pantoni pamoja na hofu iliyoachwa na ajali yake ya Januari 2016, lina urefu wa mita 384, na barabara unganishi za zaidi ya kilometa 9. Uwiano huo una hesabu nzito ndani yake. Kila mita ya daraja ni gharama. Kila mita ya tuta ni ukuta ambao mafuriko yatauegemea, na lazima uachiwe makalvati ya kutosha. Ili kujua ya kutosha ni mangapi, mhandisi huhitaji kujua mto uliwahi kufika wapi na unaweza kufika wapi. Kwa hiyo hutafuta kumbukumbu.

Na kumbukumbu za Kilombero ni za karatasi. Vipimo vya mtiririko wa mto pale Swero, karibu na Ifakara, vingi ni vya kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1980. Vilitokana na kipimio kilichosimamishwa majini na mtu aliyekwenda kukisoma, akaandika namba kwenye daftari. Modeli ya kisasa ya mafuriko, yenye rangi za samawati zinazoenea kwenye skrini kama mvua yenyewe, imekalia daftari hilo. Kutoka robo karne ya vipimo tunaiomba kompyuta itueleze mafuriko yanayotarajiwa mara moja katika miaka 100, nayo hutujibu kwa namba yenye desimali mbili. Desimali hizo hazikutoka mtoni, zimezaliwa ndani ya mashine.

Sura ya ardhi nayo mara nyingi huchukuliwa kutoka angani. Februari 2000 chombo cha Marekani, Endeavour, kiliipiga rada sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11, na vimo vilivyopatikana hutumiwa bure mpaka leo. Ni hazina, na bila hiyo miradi mingi ya vijijini isingekuwa hata na mchoro wa kuanzia. Lakini kosa lake la kimo linaweza kufika mita kadhaa, na penye miti au matete marefu rada huona vichwa vya mimea badala ya udongo. Kwenye Milima ya Udzungwa hilo ni kasoro ndogo. Kwenye tambarare ya mafuriko iliyoorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, kosa lina kimo kikubwa kuliko ardhi inayopimwa. Mtu anaweza kuchora mfereji unaopandisha maji na asijue, kwa sababu kwenye skrini mfereji unateremka.

Kuna hatari nyingine ambayo karatasi na kompyuta zinagawana sawa: kile ambacho hakikuchorwa kabisa. Mto Kihansi unashuka kutoka kwenye Milima ya Udzungwa kuja kumwaga maji Kilombero, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ulijengewa bwawa dogo na mtambo wa umeme wa megawati 180, ukitumia anguko la maji la takriban mita 850. Kiuhandisi ni kazi ya kujivunia. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, watafiti walikuta kwenye ukungu wa maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakujulikana kuishi popote pengine duniani. Ukungu ule ulikuwa nyumba yake, na mtambo ulihitaji maji yaleyale. Mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa baadaye kuiga ukungu. Baadhi ya vyura hao walisafirishwa hadi Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Tatizo la Kihansi halikuwa mstari uliokosewa. Chura hakuwamo, basi, na programu yenye uwezo wa kugundua bomba linalogonga boriti haiwezi kugundua bwawa linalogonga kiumbe ambaye hakuna aliyemwingiza.

Sasa tushuke kutoka kwenye mabwawa hadi kwenye nyumba ya vyumba vitatu, maana huko ndiko watu wengi hukutana na mchoro. Mjini Ifakara, kama kwingine Tanzania, ramani ya nyumba siku hizi hufika kwa WhatsApp. Imenunuliwa kwa bei nafuu, imepambwa na bustani na gari ambalo mwenye nyumba hana. Ilichorwa kwa karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100. Stesheneri wanaiprinti kwa A4 kwa sababu ndiyo iliyopo, na bila mtu kusema neno, skeli imekuwa takriban 1:141. Chumba cha mita 3 kilichokuwa na milimita 30 kwenye karatasi sasa kina 21. Fundi akichukua rula, atajenga mita 2.1. Ndiyo maana mafundi waliokomaa hawaipimi ramani, huzisoma namba zilizoandikwa, na pasipo na namba hupiga simu. Hiyo simu ni udhibiti wa ubora. Haimo kwenye mkataba na hailipwi.

Msingi nao una kisa chake. Ramani ile haijui itasimama wapi. Aliyeichora aliweka kina cha msingi kinachofaa kwa udongo wa kawaida, lakini Kilombero ina maeneo ya mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukiibeba na kuiachia nyumba kila mwaka. Karatasi ya zamani ilichorwa, mara nyingi, na mtu aliyekanyaga kiwanja. Faili la leo linaweza kujengwa Njombe, Tanga na Ifakara kwa wiki moja, bila kuchafuka kiatu cha yeyote.

Angalia pia pale ukuta unapokutana na paa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake inarudi kwenye safari za Rudolf Geigy wa Basel zilizoanza mwaka 1949, wamechangia sana kuonyesha kwamba mwanya ule wa chini ya bati ni mlango mkuu wa mbu wa malaria usiku. Kwenye mchoro mwanya huo ni vistari viwili ambavyo karibu hakuna anayevikagua. Mchoro ukisema uzibwe na usiseme hewa ipite wapi, fundi anayelijua joto la Ifakara atauacha wazi kwa huruma. Mchoro ukiuacha wazi bila wavu, umewakaribisha mbu kwa muhuri wa serikali. Kwa vyovyote vile, alichoamua fundi hakirudi kwenye faili. Zamani mkandarasi makini alikuwa na seti moja ya michoro ofisini kwake saiti, ikichorwa kwa penseli nyekundu kila kilichobadilika, na mwishoni seti hiyo ndiyo iliyokuwa historia ya jengo. Leo faili lipo kwenye kompyuta ya Dodoma, saiti kuna toleo la kabla ya lile la mwisho, na ndani ya simu za watu watatu kuna mafaili matatu, yote yakiitwa "final".

Sheria inawataka mhandisi, msanifu na mkandarasi wawe wamesajiliwa kwenye bodi zao, nao hutia muhuri kwenye wanachokiwajibikia. Ni vyema. Ila muhuri wa wino ulimlazimu mwenye nao awepo. Picha ya muhuri hunakiliwa kwa kubofya, na huweza kuhamia kwenye mchoro ambao mwenye muhuri hajauona. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013 na kuua watu 36 liliikumbusha nchi nzima kwamba kati ya karatasi iliyoidhinishwa na zege linalomwagwa pana nafasi kubwa, na anayepaswa kusimama hapo ni mtu mwenye jina.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ningependa methali hiyo isomwe na wachoraji kuliko wafanyabiashara. Mchoro wa kidijitali hauna upungufu wa mistari, una upungufu wa daftari. Kinachohitajika si programu ghali zaidi. Ni kuongeza kisanduku cha nne pale kwenye kona, baada ya aliyechora, aliyekagua na aliyeidhinisha, kikijibu mambo matatu kwa kila kipimo kinachobeba uzito: kimepimwa, kimenakiliwa au kimekisiwa; lini, kwa kuwa mto wa mwaka juzi si lazima uwe wa mwaka huu; na kwa kuanzia alama ipi ya ardhini, ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kuigusa kwa mkono. Halmashauri inaweza kulidai hilo kwenye ombi la kibali. Mfadhili anaweza kulidai kabla ya malipo ya kwanza. Haligharimu mfuko mmoja wa saruji.

Najua pingamizi lake. Mhandisi atakayeandika "kimo hiki ni kisio" ataonekana dhaifu mbele ya mwenzake aliyeleta modeli yenye rangi na desimali, na zabuni itamkwepa. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ukaguzi hauwezi kuachiwa wachoraji peke yao. Mteja naye lazima ajifunze kumwogopa anayejua kila kitu. Kwenye bonde ambalo maji hubadilisha mipaka yake kila mwaka, kisio lililokiri kuwa ni kisio humtuma mtu aende akapime, na kisio lililovaa nguo za kipimo humtuma fundi achimbe msingi. Kati ya hao wawili waliotumwa, wa kwanza ndiye anayepunguza hatari, iwe alipewa karatasi ya wino au skrini.